Metali za Ziwa: Jembe la Uvira na Simu Iliyopinda

Uvira, mji ulioko pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, ulijulikana kwa biashara ya chuma kabla Wabelgiji hawajaitawala nchi ya Kongo. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika huko pamoja na mwenzake John Speke mnamo Aprili 1858, aliutaja kuwa bohari kuu ya kaskazini, ambako mitumbwi ilifuata nafaka, vitambaa vya magome ya miti, pembe za ndovu, vyombo vya chuma na, ndiyo aibu ya zama zile, watumwa.

Katika nchi za Maziwa Makuu chuma kilipatikana kwa kuchoma mtapo, yaani mawe au udongo wenye chuma, pamoja na mkaa katika tanuri lililopulizwa kwa mivukuto. Na kwa kuwa joto halikutosha kukiyeyusha, kilitoka kama bonge lenye mavi ya chuma, ambalo mhunzi alilifua mpaka likatakata. Chuma cha namna hiyo, kwa uchache wa kaboni yake, huwa laini: jembe likigonga jiwe hupinda badala ya kuvunjika, kisha hurudishwa motoni likanyooshwa.

Simu janja haina uvumilivu huo. Kila metali ina kikomo cha mnyumbuko, yaani kiwango cha nguvu ambacho kikipitwa, kitu hakirudii umbo lake; na simu iliyo mfukoni mwa mtu aliyeketi hubanwa huku na huku hadi fremu yake ikipite kikomo hicho pale ilipo dhaifu. Mwaka 2014 baadhi ya simu za iPhone 6 zilipinda karibu na matundu ya vitufe vya sauti, na mwaka uliofuata Apple ikahamia aloi ya alumini iliyo imara zaidi.

Lakini fremu si kitu. Hasara kubwa imo ndani. Vipuri vimeshikizwa ubaoni kwa lehemu ya bati, metali inayotoka katika kasiterite, mtapo uliochimbwa katika maeneo ya Kivu na Maniema, nchini Kongo, tangu enzi za Wabelgiji. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vifaa vya elektroniki, lehemu nyingi zimekuwa na bati zaidi ya asilimia 95, na viungo vyake, vikiwa vigumu kuliko vya awali, huweza kupata nyufa zisizoonekana kwa macho ubao unapopinda.

Hatari zaidi ni betri: simu iliyopinda isinyooshwe kama jembe kabla fundi hajaitoa, kwani utando mwembamba unaotenganisha tabaka za betri ya lithiamu ukitoboka, betri huweza kushika moto.