Chenji ya Rada

Jamani, hili neno "chenji ya rada" kila nikilisikia nacheka kwanza, halafu nanuna. Chenji gani inazidi bei ya kitu chenyewe?

Hebu turudi nyuma. Novemba 2001 Tanzania ilifuzu kusamehewa madeni kwa sababu ni nchi maskini. Mwezi uliofuata tu, serikali ya Uingereza ikatoa kibali BAE Systems ituuzie rada ya pauni milioni 28. Kwa mkopo! Clare Short, waziri wa huko huko kwao, alipinga. Benki ya Dunia nayo ikasema ni ghali mno. Wakubwa wetu wakang'ang'ania kwamba lazima inunuliwe.

Desemba 2010, BAE ikapigwa faini ya pauni 500,000 mahakamani London. Kosa lenyewe? Kutoweka sawasawa kumbukumbu za hesabu. Siyo rushwa, soma vizuri. Na hesabu zenyewe zilikuwa za dola milioni 12.4 alizolipwa dalali. Ikakubali pia kutulipa pauni milioni 29.5, zikaja 2012, zikaenda kwenye vitabu na madawati. Mimi nilikuwa darasa la saba, tukaambiwa tushangilie.

Sasa mimi nauliza tu. Muuzaji alipandishwa kizimbani, kwao. Hapa kwetu, walikokaa walioidhinisha bei ile, hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa rada hiyo. Dukani kwa Mangi ukirudishiwa pesa nyingi kuliko ulizotoa, si utamuuliza uliyemtuma dukani?