Kivisho, si Kikusanyi

Orodha mpya ya istilahi za uchenjuaji madini imenifikia, na humo nimekuta "kikusanyi". Wajumbe walioiandaa walikutana na neno la Kiingereza "collector", lenye maana ya kukusanya, wakaona kazi imekwisha. Kinakusanya nini? Ndani ya tangi la povu, kikusanyacho chembe za madini ni kiputo cha hewa. Oleati ya sodiamu, kemikali mojawapo iitwayo hivyo, haikusanyi kitu: kichwa chake hushika uso wa chembe ya ilmenaiti, mkia wake wa mafuta hubaki nje, na chembe huanza kuyachukia maji. Imevishwa.

Kwa hiyo nasema kivisho, kwa kanuni ileile iliyotupa kizibo na kifuniko. Wanaodai kwamba neno hili linanuka cherehani hawajui shina wanalolidharau. Vaa ni mabaki ya vala, kama Wachewa wasemavyo hadi leo. Ile l imetudondoka, ila haikufa. Imejificha ndani ya vazi kwa sura ya z, sawa na ile iliyodondoka katika lea, inayochomoza katika mlezi. Mwenzetu mmoja, ambaye simtaji, alipendekeza kiviko, kutokana na vika. Nilimjibu kwamba pete na taji ndivyo huvikwa, navyo ni mapambo. Tena msomaji mwenye haraka angedhani tunatia viwiko tangini. Hajanisalimu tangu siku hiyo.

Tena kivisho hupokea sifa bila kulegea. Oleati ni kivisho holela: kalisiamu na magnesiamu zilizo kwenye mawe taka nazo huzivisha, na hilo limewahangaisha sana wakemia wa Panzhihua, China, ambako ilmenaiti husagwa ikawa laini mno. Asidi ya benzohaidroksamiki ni kivisho teule; hushika metali kwa atomi mbili za oksijeni, ikafunga duara, hasa nitrati ya risasi ikitangulia kama kiamsho. "Kikusanyi teule" kingefaa kuwa cheo cha karani wa kodi.

Mgodi wa ilmenaiti wa Kwale, Kenya, haukutudai neno hili. Mchanga wake ulitenganishwa kwa uzito, sumaku na umeme tuli hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024.

Matumizi: kivisho, wingi vivisho, hutiwa baada ya asidi na kiamsho, kabla ya hewa kufunguliwa.