Mishipa mipya ya damu na saratani ya Kaposi

Anjiojenesisi ni uotaji wa mishipa mipya ya damu kutoka kwenye ile iliyopo. Tishu inayokosa oksijeni hutoa protini, hasa iitwayo VEGF, inayoziamsha seli za ukuta wa mishipa zigawanyike na kuchipuka. Bila hatua hiyo kidonda hakiponi vizuri wala kondo la nyuma halijengeki. Mwaka 1971 Judah Folkman wa Boston alidai kwamba uvimbe wa saratani nao haukui kupita milimita chache bila kujiotesha mishipa, na wengi walimbeza. Dawa ya bevacizumab, inayoizuia VEGF, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004.

Kwa msomaji wa mtaa wa Mapendo mjini Goma, mfano ulio karibu ni saratani ya Kaposi. Mashariki mwa Kongo na Uganda ilijulikana kabla ya UKIMWI, hasa kwa wanaume, ikianzia miguuni kwa madoa ya zambarau. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuijadili. Kisababishi chake, kirusi HHV-8, kilitambuliwa mwaka 1994. Kirusi hicho huingia katika seli za mishipa na kuchochea utoaji wa VEGF, ndiyo maana uvimbe wenyewe hujaa vijishipa dhaifu vinavyovujisha damu. Hata hivyo tiba inayotegemewa si bevacizumab, ambayo tena ni ghali. Wagonjwa wenye VVU hupewa dawa za kufubaza virusi na, hali ikiwa mbaya, dawa ya saratani iitwayo paclitaxel, iliyozishinda tiba mbili nyingine katika jaribio lililohusisha Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2020.