Maleba si Mapambo Tu: Ngoma, Mavazi na Tabaka katika Karne ya 18

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa mpenzi, tuanze na swali ambalo halikosi katika mazoezi yetu ya fasihi simulizi: "Eleza dhima ya maleba katika ngoma." Nimelisahihisha swali hili mara nyingi hapa Mukuyuni, na aghalabu jibu la kwanza huwa lile lile: maleba hupamba ngoma na kuvutia hadhira. Jibu hilo si kosa, ila ni jepesi mno. Humfanya mtahiniwa alione vazi kama rangi iliyopakwa juu ya sanaa, ilhali vazi ni sehemu ya ujumbe wenyewe. Dai la makala haya ni kwamba maleba hutuambia, kabla fanani hajafungua kinywa, nani ameruhusiwa kuonekana na nani amenyimwa ruhusa hiyo. Historia ya karne ya 18, Ulaya na hapa kwetu, inalithibitisha dai hili.

Kielelezo kutoka Ulaya

Baleti ni ngoma ya jukwaani isimuliayo kisa kwa miondoko ya mwili. Ilikulia katika majumba ya wafalme, na kwa muda mrefu mavazi yake yalikuwa yale ya majumba hayo: sketi nzito zilizotanuliwa kwa fremu, nywele bandia na barakoa. Katika jumba la Opera la Paris, wanawake wachezaji wa kulipwa walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1681. Lakini walipanda wakiwa wamefungwa ndani ya mavazi hayo, hata hatua za miguu yao hazikuonekana vizuri.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, Marie Camargo alipunguza urefu wa sketi yake ili ustadi wa miguu yake uonekane. Mwaka 1734, mjini London, Marie Sallé alicheza kisa cha Pygmalion, yaani mchongaji ambaye sanamu yake inapata uhai. Sallé alivaa melimeli nyepesi, akaacha fremu na nywele bandia. Mwaka 1760 mtunzi wa ngoma Jean-Georges Noverre alichapisha kitabu cha barua akipinga barakoa, kwa hoja kwamba uso uliofunikwa hauwezi kueleza furaha wala huzuni. Zingatia jambo hili, msomaji: vazi lilipobadilika, sanaa nayo ilibadilika. Ngoma iliyokuwa maonyesho ya ukuu wa mfalme ikawa masimulizi ya hisia za binadamu.

Upwani wetu

Wakati huo huo, upwa wetu ulikuwa na majumba yake na ngoma zake. Pate ilikuwa dola yenye tajriba ndefu ya ufumaji. Nyaraka za Wareno za karne ya 16 zinaitaja hariri yake. Ndipo ulipotungwa Utendi wa Tambuka, mwaka 1728, na ndio mji ambao kuanguka kwake kulimliza Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Mwanafunzi anayeusoma utendi huo asidhani kwamba mavazi, matandiko na vyombo vinavyotajwa ni vya kujaza beti. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa dalili za uungwana. Mshairi anapovionyesha vikiwa vimetoweka, anaonyesha tabaka zima lililoporomoka.

Katika harusi za waungwana ilichezwa ngoma ya gungu, ambayo miondoko yake ilikuwa ya taratibu na nyimbo zake zilijaa mafumbo. Siwa nayo ilipulizwa katika sherehe za familia zilizostahiki. Siwa ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa hadi leo. Ala, ngoma na vazi vilikwenda pamoja, na havikuwa mali ya kila mtu.

Hebu tuangalie mipaka yenyewe. Mwungwana wa kiume alivaa kanzu, kilemba na viatu. Mke wa kiungwana wa Lamu aliweza kupita njiani akiwa ndani ya shiraa, yaani pazia la kitambaa lililobebwa na wajakazi kumzunguka. Mtumwa hakutarajiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya bwana wake. Nguo yake ilikuwa duni: kaniki, na katika karne ya 19, merikani. Kwa hiyo yule mjakazi aliyebeba shiraa alimficha bibi yake huku yeye mwenyewe akiwa wazi kwa macho ya mji mzima. Si ajabu kwamba utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi waliokuwa watumwa waliona kanga, kanzu na buibui kuwa tangazo la uhuru wao.

Mfumo huo wa dalili ndio unaotusaidia kukielewa kisa cha Fumo Liyongo. Akiwa gerezani, Liyongo alitaka apelekewe tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi walikuwa wakiila mikate mizuri iliyoletwa na kijakazi Saada, lakini huu wa wishwa waliudharau kama chakula cha watumwa, wakauachia upite. Kisha gungu likachezwa, na kishindo cha ala kikafunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Walinzi walishindwa na dharau yao wenyewe: walisoma dalili ya tabaka, wakasahau kuchungulia ndani.

Ukambani

Mtahiniwa wa hapa kwetu huenda akauliza: mambo ya hariri na siwa yananihusu nini? Yanamhusu sana. Misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kufikia mwaka 1849, mmisionari Krapf alipofika Ukambani na kukutana na Kivoi, biashara hiyo ilikuwa imekomaa. Shanga zile ziliingia shingoni na viunoni mwa wachezaji, na wahunzi wa Kikamba walisifika kwa mikufu membamba waliyoisuka kwa nyaya. Kwa hiyo maleba ya ngoma zetu yana historia ya safari ndefu ndani yake.

Tena tuitazame kilumi, ngoma ambayo wanawake ndio wapigaji na wachezaji wake wakuu, nayo hufungamana na maombi na uganga. Hapa mwenye mamlaka ni mwanamke mzima. Mwanafunzi anayesema kwamba mavazi yake ni "ya kupendeza tu" amempokonya mamlaka hayo kwa kalamu.

Hitimisho

Mtahiniwa, ukiulizwa tena kuhusu maleba, usikomee kwenye urembo. Jiulize: Nani anavaa? Nani haruhusiwi kuvaa? Vazi linaficha nini na kufichua nini? Likibadilishwa, maana ya ngoma itabadilikaje? Kila swali kati ya hayo litakupa hoja kamili, mradi uitolee mfano.

Nawe mwalimu, ngoma za vijiji vyetu zingali shule iliyo karibu. Wapeleke wanafunzi wakazitazame, kisha waandike walichokiona. Lengo letu si alama pekee. Kijana aliyefunzwa kuuliza kwa nini huyu amefunikwa na yule ameachwa wazi hatakuwa mwepesi wa kumdharau mtu kwa nguo aliyovaa, wala wa kufanya kosa la walinzi wa Liyongo.