Kununua Kimya

Karibu mwaka wa 86, mshairi Martial alikuwa na shida pale Roma. Jamaa mmoja anayemwita Fidentinus alikuwa akisimama mbele za watu na kuyasoma mashairi ya Martial kana kwamba ni yake. Vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na sheria ya hakimiliki haikuwepo. Waingereza wenyewe walipata yao 1710. Basi Martial akamjibu kwa shairi. Akasema mashairi yake ni kama watumwa aliowaacha huru, na anayejidai bwana wao ni plagiarius. Neno hilo lilikuwa la kisheria: mtu anayeiba watumwa wa wenyewe, au anayemteka mtu huru na kumfanya mtumwa. (Ndiyo, jamii iliyomiliki watu ndiyo iliyotupa neno hili la maadili.) Waingereza walilichukua karne ya 17, na ndilo lililoko kwenye fomu unayotia sahihi ukikabidhi tasnifu.

Wezi wa siku hizi wana visingizio bora. 2011, Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alisema kwamba katika miaka mingi ya kuandika tasnifu alipotezana na vyanzo vyake. Watu mtandaoni wakailinganisha ukurasa kwa ukurasa, wakakuta hata mwanzo wa utangulizi umetoka gazetini. Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamvua udaktari. Machi 1 akajiuzulu. Lakini kupotezana kupo kweli. Ukinakili aya bila alama za nukuu na jina la mwenyewe siku ile ile, miezi sita baadaye inasomeka kama yako. Na kubadilisha maneno mawili matatu si kuandika.

Turudi kwa Martial, kwa sababu alisema jambo lingine zito zaidi: anayetaka sifa kwa kazi ya mwingine asinunue kitabu, anunue kimya cha mwandishi.

Soko hilo la kimya Nairobi tunalijua. Vijana wenye digrii wanakesha wakiwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani, wanalipwa kwa ukurasa, na jina linabaki la mnunuzi. Hapo hakuna aliyetekwa, wameuza. Ila cheti kinachofungua milango kinaenda kwa nani? 2022 Uingereza ilipitisha sheria dhidi ya biashara hiyo, na kosa la jinai likawekwa kwa muuzaji. Mnunuzi aliachiwa chuo chake.