Nani Alikuambia PowerPoint Si ya Wasanii?

Kuna dharau fulani huku mtandaoni ambayo lazima tuiongelee. Msee anatengeneza bango la mechi ya mtaa ama la matanga, analipost, halafu kwa komenti mtu anaandika: "Hii si umefanya na PowerPoint?" Watu wanacheka. Sasa hebu tuangalie historia kidogo, juu wengi wanaocheka hawajui wanacheka nini.

Kabla ya katikati ya miaka ya 1980, kama ulikuwa na ofisi Marekani na unataka slaidi za rangi, hukujitengenezea. Uliandika mawazo yako kwa karatasi ukawapelekea wachoraji, ama kampuni kama Genigraphics iliyokuwa na mashine ghali za kuweka picha kwa filamu ya milimita 35. Halafu ungoje. Neno likikosewa, unarudisha, unangoja tena.

Robert Gaskins wa kampuni ya Forethought, California, alitaka mwenye maneno ajitengenezee slaidi zake. Yeye na wenzake, akiwemo Dennis Austin, wakatoa PowerPoint mwaka wa 1987, kwa kompyuta za Macintosh. Na ilikuwa nyeusi na nyeupe tu! Kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa zile karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, za kuwekwa juu ya projekta. Mwaka huo huo Microsoft ikanunua Forethought kwa dola milioni 14. Rangi ilikuja na toleo la pili, 1988.

Kwa hivyo programu hii iliundwa hasa kwa mtu asiye na mchoraji wa kumlipa. Yaani wewe.

Na ule uangavu unaorekebisha kutoka 0 hadi 100? Huo una ukoo mkubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ed Catmull na Alvy Ray Smith walikuwa New York Institute of Technology wakicheza na picha za kompyuta. Kila nukta ya picha ilikuwa na namba tatu: nyekundu, kijani, bluu. Wao wakaongeza ya nne, ya kusema nukta hiyo inaficha kiasi gani cha kilicho nyuma yake. Wakaiita alfa. Mwaka wa 1984, Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakachapisha kanuni za kupandanisha picha kwa kutumia namba hiyo, na yeyote angeweza kuzisoma. Mwaka wa 1996, wote wanne walipewa tuzo ya kiufundi na Academy, wale wale wa Oscar.

Sasa chukua bango lako. Umeweka picha ya uwanja umejaa watu, na maandishi meupe hayasomeki. Unachora mstatili juu ya picha, unaujaza rangi nyeusi, unaweka uangavu asilimia 40. Kila nukta inachanganya asilimia 60 ya weusi na asilimia 40 ya picha. Ukiandika juu yake, kila kitu kinasomeka. Wazo ni lile lile liko kwa Photoshop na kwa filamu unazolipia tiketi. Hesabu haijali kama uko studio ama uko kwa cyber.

Sisemi PowerPoint inatosha kila kazi. Kwa mfano, haina mfumo wa rangi nne wanaotumia wachapishaji, kwa hivyo rangi ya kioo na ya karatasi zinaweza kutofautiana. Na bango baya ni baya hata likitoka kwa programu ya bei gani. Lakini basi sema ubaya uko wapi: herufi ni ndogo, rangi zinagombana, tarehe imefichika. Hiyo mtu anaweza kurekebisha. "Umetumia PowerPoint" haimfundishi kitu.

Na kama wewe ndiye ulichekwa, fungua ile faili, weka mstatili nyuma ya maandishi, upost tena.