Mistari Mitano ya Nyimbo na Asili Yake

Kila mwalimu aliyefundisha kwaya hapa Chalinze aujua msiba huu: mwalimu ahamapo, nyimbo zake huondoka naye, na zikibaki, baada ya miaka michache kila kwaya huziimba kwa namna yake.

Taabu hiyo ni ya kale. Huko Ulaya watawa waliweka juu ya maneno alama ndogo, kuonyesha kwamba sauti yapanda au yashuka, lakini si kwa kiasi gani. Aliyekwisha kuusikia wimbo alikumbushwa. Asiyeusikia hakupata kitu. Ndipo Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia, karibu na mwaka 1025, alipopanga mistari ili kila mstari na kila nafasi iwe makao ya sauti moja. Mstari mmoja aliutia rangi nyekundu, mwingine manjano, akaandika herufi mwanzoni. Herufi hizo ndizo zilizogeuka kuwa ufunguo tuuonao leo. Mistari yake ilikuwa minne. Baadaye ikawa mitano.

Mpango wenyewe si mgumu. Inua mkono wa kushoto, kiganja kikuelekee, kidole gumba kiwe juu. Vidole ni mistari mitano, na nafasi kati yake ni nne. Kidole cha mwisho chini ndicho mstari wa kwanza. Nota ikitoka kidoleni ikapanda nafasini, sauti imepanda hatua moja. Ufunguo watuambia jina la sauti. Umbo la nota latuambia urefu wake.

Kwaya zetu nyingi zilianza kwa solfa, yaani herufi d, r, m na wenzake, alizozieneza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19. Maana zapigwa chapa kwa herufi za kawaida. Kwa solfa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliandika wimbo wake wa mwaka 1897. Alikufa mwaka 1905. Lakini sauti ya wimbo ule ndiyo tuimbayo katika wimbo wetu wa taifa.

Basi twajiuliza: nyimbo za wazee wetu wa Kikwere ziko wapi? Nyingi zimo vichwani tu. Mistari mitano haiwezi kushika kila mlio wa ngoma, lakini yaweza kushika sauti ya mwimbaji. Walimu wenzetu, tuketi na wazee, tuandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.